Mawe Yaliyovunjika na Namna ya Kuyasoma

Wengi wanaosoma Biblia au Kurani wamepata habari za nchi ya Saba, au Sheba, ambayo malkia wake alimwendea Mfalme Sulemani. Nchi hiyo si hadithi tu. Ilikuwako katika pembe ya kusini ya Bara Arabu, mahali palipo nchi ya Yemen, na watu wake wameacha habari zao wenyewe zimechongwa katika mawe. Mpaka sasa yamejulikana maandishi zaidi ya 10,000 ya Saba na ya majirani zake. Jina la malkia yule halijaonekana hata katika jiwe moja. Lakini wafalme, makuhani, askari, wakulima, na wanawake waliotoa sadaka zao wenyewe, wote wamo.

Shida ni kuwa mengi ya mawe hayo si mazima. Mengine yalipasuka majumba yalipoanguka. Mengine yalichukuliwa na watu wa zama za baadaye wakayajengea nyumba, ngazi na kuta za visima, nao hawakujali kama maandishi yalikatwa katikati au yaligeuzwa juu chini. Kwa hiyo mwenye kuchunguza habari za Saba hupata mara nyingi kipande chenye mistari mitatu au minne, kisicho na mwanzo wala mwisho. Je, kipande kama hicho chaweza kusema neno la kuaminiwa? Chaweza, lakini kwa masharti, na masharti hayo ndiyo somo la leo.

FALME NA HERUFI ZAKE

Katika nchi hiyo palikuwa na falme kadha wa kadha. Saba ilikuwa na mji wake mkuu Marib, palipojengwa boma kubwa la kuzuia maji ya mvua ili kumwagilia mashamba. Qataban ilikuwa na mji wa Timna, Hadhramaut ilikuwa na Shabwa, na Main ilikuwa na Qarnaw. Baadaye Himyar, yenye mji wake Zafar katika milima, iliwashinda wote. Mali yao ilitoka katika kilimo na katika biashara ya ubani na manemane, vitu vilivyotakiwa sana kwa kufukizia katika mahekalu ya Misri, Ugiriki na Rumi.

Watu hao walichonga maandishi yao kwa muda wa zaidi ya miaka elfu moja, tangu karibu karne ya nane kabla ya kuzaliwa Kristo. Jiwe la mwisho lenye mwaka wake ni la karibu mwaka 560 baada ya Kristo. Herufi zao, ziitwazo na Waarabu musnad, zilikuwa 29, yaani moja zaidi ya herufi za Kiarabu. Ni herufi nzuri sana kwa macho, za mistari iliyonyoka, pembe na duara, na kati ya neno na neno huchorwa mstari uliosimama. Husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Lakini katika mawe ya kale zaidi mstari wa kwanza huenda kushoto, wa pili hurudi kulia, kama ng'ombe wa plau wafikapo mwisho wa shamba wakageuka. Herufi za Waethiopia, ambazo hata leo huandikiwa Kiamhari na Kitigrinya, zimetokana na herufi hizi.

Jambo moja humsumbua kila msomaji: irabu hazikuandikwa. Mwenye kujua Kiswahili aweza kuona taabu hiyo kwa urahisi. Achukue herufi K, T na B peke yake. Je, ni kitabu, ni katibu, au ni katiba? Maneno mengine yaliyo kando ndiyo yatakayomwambia. Na kama maneno ya kando yamevunjika, basi lazima asite.

WALIOYATAFUTA

Mwaka 1810 msafiri Mjerumani Ulrich Seetzen alinakili maandishi machache karibu na Zafar, nayo ndiyo ya kwanza kujulikana Ulaya. Mwaka 1834 Mwingereza James Wellsted alinakili maandishi marefu katika mwamba wa Husn al-Ghurab, kwenye pwani ya Hadhramaut. Mwaka 1841 wataalamu wawili wa Ujerumani, Gesenius na Rödiger, kila mmoja kwa kazi yake, walieleza jinsi ya kuzisoma herufi hizo. Walizilinganisha na herufi za Ethiopia, na tena na hati za Kiarabu ambamo alfabeti ya musnad ilikuwa imehifadhiwa.

Baada ya hapo wakaja wenye kukusanya. Mfaransa Arnaud alifika Marib mwaka 1843 na kunakili maandishi 56. Mwaka 1869 na 1870 Joseph Halévy alizunguka nchi hiyo akarudi na nakala zaidi ya 600. Alifuatana na fundi wa shaba wa San'a, Myahudi wa Yemen jina lake Hayyim Habshush, aliyemwongoza njia na kumsaidia kunakili. Bwana Halévy hakumpa msaidizi wake heshima iliyomstahili. Ni Habshush mwenyewe aliyeandika baadaye habari za safari ile, na kwa maandishi yake watu wamejua kazi aliyoifanya.

Nakala za mkono zina kasoro yake. Mtu aliye katika haraka, mwenye hofu ya kufukuzwa, aweza kuona herufi moja akaandika nyingine. Kwa sababu hiyo Eduard Glaser, aliyesafiri Yemen mara nne kati ya 1882 na 1894, alitumia njia iliyo bora. Jiwe husafishwa kwa burashi. Kisha karatasi nzito hulowanishwa, hulazwa juu ya jiwe, na kupigwapigwa kwa burashi ngumu mpaka iingie katika kila herufi. Ikikauka hubanduliwa, nayo hubaki na sura ya maandishi kamili kama nta iliyopigwa muhuri. Glaser aliwafundisha wenyeji kazi hiyo, nao walimletea chapa kutoka mahali ambapo yeye mwenyewe hakuweza kufika. Chapa zake zimehifadhiwa Vienna katika nchi ya Austria, na kwa mawe mengine yaliyopotea tangu siku zile, karatasi hizo ndizo shahidi aliyebaki.

KUSOMA KIPANDE

Sasa na tuangalie kazi yenyewe. Nje kidogo ya Marib liko hekalu la Awwam, lililojengwa kwa ajili ya Almaqah, mungu mkuu wa Wasaba. Wachimbuzi wa Kimarekani walifanya kazi hapo mwaka 1951 na 1952, na mtaalamu wao Albert Jamme alitangaza maandishi ya mahali hapo katika kitabu mwaka 1962. Maandishi mengi ya Awwam ni ya watu waliotoa sanamu hekaluni kwa kushukuru, nayo hufuata utaratibu mmoja: kwanza jina la mtu na ukoo wake, kisha neno HQNY, yaani "ametoa", kisha jina la mungu, Almaqah Thahwan, Bwana wa Awwam, kisha kitu kilichotolewa, kisha neno HMDM, yaani "kwa kumhimidi", na mwisho sababu. Sababu ni zile zile za binadamu wote: kupona ugonjwa, kupata mvua, kuzaliwa mtoto, kurudi salama kutoka vitani.

Tuseme, kwa mfano wa kujifunzia, kwamba kimepatikana kipande kilichovunjika kulia na kushoto. Tukiandika kwa herufi zetu, na kwa mwelekeo wetu, mistari yake ni hii (alama ' ni alifu au aini, na TH na DH ni herufi moja moja):

... QNY | 'LMQH ...
... | 'WM | SLMN ...
... MDM ...

Asiyezoea ataona vumbi la herufi. Mzoefu huanza na kile anachokijua. QNY iliyotangulia jina la Almaqah ni mwisho wa HQNY. 'WM ni Awwam, nalo jina hilo hutanguliwa na B'L, yaani "Bwana wa". SLMN ni sanamu, na kwa kawaida hufuatwa na maneno DH-DHHBN, yanayotaja madini yake. MDM ni mwisho wa HMDM. Kwa hiyo anaweza kuandika hivi:

... [H]QNY | 'LMQH [THHWN | B'L]
| 'WM | SLMN [DH-DHHBN | H]
MDM ...

Maana yake: "... ametoa kwa Almaqah Thahwan, Bwana wa Awwam, sanamu hii ya shaba, kwa kumhimidi ..."

Je, hii si kubahatisha tu? Kuna njia ya kupima. Wachongaji wa Saba walizipanga herufi zao kwa ukubwa ulio sawa, hivi kwamba nafasi iliyopotea yaweza kuhesabiwa. Kati ya mstari wa kwanza na wa pili zimerudishwa herufi saba. Kati ya wa pili na wa tatu zimerudishwa sita. Hesabu hizo zinakaribiana, kama inavyopasa katika jiwe ambalo mistari yake ilikuwa na urefu mmoja. Kama nafasi ya kwanza ingalitaka herufi saba na ya pili ishirini, msomaji angalijua kwamba amekosea mahali fulani, hata kama maneno yake yanapendeza.

Lakini angalia yale ambayo hayakurudi. Jina la mtu aliyetoa sanamu halimo. Sababu ya kushukuru kwake haimo. Kwa utaratibu ule uliozoewa yaweza kurudishwa maneno yaliyokuwa ya watu wote. Yaliyokuwa ya mtu huyu peke yake yamekwenda pamoja na kipande kilichopotea. Mtaalamu mwaminifu huliacha pengo hilo wazi.

MANENO YANAYOFANANA

Lugha ya Saba ni jamaa ya Kiarabu, na kwa sababu Kiswahili kimepokea maneno mengi ya Kiarabu, Mswahili atakutana na sura za jamaa. MLK ni mfalme, na sisi tuna malkia na kumiliki. HMD ni sifa, na sisi tuna kuhimidi. BN ni mwana, kama "bin" katika majina yetu. Ujamaa huu ni msaada mkubwa, lakini una mtego ndani yake.

Neno DHHB ni mfano mwema. Kila mtu atasema mara moja kwamba ni dhahabu. Lakini sanamu zilizopatikana pamoja na maandishi ya namna hiyo si za dhahabu. Ni za shaba iliyochanganywa na bati. Kwa hiyo katika maandishi haya ya sadaka, DHHB ni shaba. Aliyetegemea sikio tu angaliweza kuandika kwamba Wasaba walijaza mahekalu yao dhahabu tupu, na hadithi hiyo ingalienea upesi kwa sababu watu hupenda kuisikia.

Tena BN katika Kisaba ina maana mbili: ni "mwana wa", na pia ni "kutoka". Katika jiwe zima hakuna shida. Lakini BN ikiwa ndiyo neno la mwisho kabla ya mvunjiko, hakuna awezaye kuapa kama kilichofuata kilikuwa jina la baba au jina la mji.

KUTAMBUA ZAMANI ZA JIWE

Vipande vichache tu vina mwaka wake. Vingine hupimwa kwa njia nyingine. Ya kwanza ni umbo la herufi: za kale ni sahili, za baadaye zina ncha zilizotanuka na mapambo. Mwaka 1956 mtaalamu wa kike Jacqueline Pirenne alitoa kitabu kizima juu ya jambo hilo. Ya pili ni cheo cha mfalme. Tangu karibu karne ya kwanza baada ya Kristo wafalme walijiita "mfalme wa Saba na Dhu Raydan". Mwishoni mwa karne ya tatu waliongeza "na Hadhramaut na Yamanat", na katika karne ya tano wakaongeza Waarabu wa nyanda za juu na wa pwani. Basi kipande chenye maneno "na Yamanat" hakiwezi kuwa cha zamani kuliko mwisho wa karne ya tatu, hata kama jina la mfalme limefutika. Kwa upande mwingine, jina peke yake halitoshi, maana wafalme wa Saba walirudia majina machache, na jina Karib'il lilikuwa la wafalme wengi.

Njia ya tatu ni ushuhuda wa mataifa mengine. Wafalme wa Ashuru, katika karne ya nane na ya saba kabla ya Kristo, waliandika kwamba walipokea vitu kutoka kwa Yitha'amar wa Saba, na baadaye kutoka kwa Karib'il. Kwa kuwa miaka ya wafalme wa Ashuru inajulikana, mawe ya Saba yamepata mahali pa kutia nanga.

Hapa pwani ya Afrika ya Mashariki nayo inaingia katika habari hii. Kiko kitabu kidogo cha Kigiriki kiitwacho Periplus, kilichoandikwa na mfanya biashara wa Misri, nacho kinaeleza bandari za pwani yetu mpaka Rhapta, mji unaosadikiwa kuwa ulikuwa katika pwani ya Tanzania. Kinasema kwamba pwani hiyo ilikuwa chini ya mkubwa wa sehemu moja ya Arabuni ya Kusini, na kwamba manahodha Waarabu walikuja huko, wakaoa, na kuijua lugha ya wenyeji. Kitabu hicho hakina mwaka. Lakini kinamtaja mfalme Charibael, aliyetawala Wahimyari na Wasaba pamoja. Katika mawe yuko mfalme Karib'il Watar Yuhan'im, "mfalme wa Saba na Dhu Raydan", wa karne ya kwanza. Wataalamu wengi huona kwamba ni mtu mmoja, na hiyo ni sababu moja iliyofanya kitabu hicho kiwekwe katikati ya karne hiyo.

Lakini hapa pia ni lazima kupambanua. Mawe yanashuhudia mfalme na cheo chake. Habari ya utawala wa pwani ni neno la kitabu. Mtu akichanganya mambo hayo mawili na kusema, "Imeandikwa katika mawe kwamba Waarabu walitawala pwani," atakuwa ameliongezea jiwe maneno ambayo halikuyasema.

KAZI YA MABANO

Katika mfano uliotangulia msomaji aliona alama hizi: [ ]. Hizo ni mabano, na ndizo dhamana ya kazi yote. Kilicho nje ya mabano kimeonekana katika jiwe. Kilicho ndani kimerudishwa na mtaalamu kwa akili yake. Anayesoma baadaye aweza kukubali au kukataa, kwa sababu ameonyeshwa mpaka ulipo. Hatari huja pale mtu wa tatu anaponakili maneno na kuyaacha mabano. Hapo dhana hugeuka kuwa habari, na baada ya miaka michache hakuna akumbukaye kwamba ilikuwa dhana.

Mara nyingine mabano hujazwa kwa furaha. Kipande kimoja chaweza kuwa katika jumba la makumbusho la nchi moja, na mwenzake katika nchi nyingine, kwa kuwa viliuzwa mbalimbali. Zikiwekwa picha zao pamoja, mvunjiko huingiana na mvunjiko, na jina lililopotea hurudi. Kwa ajili hiyo maandishi mengi yamekusanywa katika hazina iitwayo DASI, iliyotengenezwa kwa uongozi wa Chuo Kikuu cha Pisa, Italia, ambapo mtu yeyote mwenye kompyuta aweza kuyatafuta neno kwa neno.

JIWE LILILONG'OLEWA

Mambo yote yaliyoelezwa hapa hutegemea kujua jiwe lilitoka wapi. Kipande cha Awwam husomeka kwa sababu desturi ya Awwam inajulikana. Kipande hicho hicho, kikiletwa sokoni na mchuuzi asiyetaka kusema alikokitoa, hupoteza nusu ya maana yake. Tena huingia shaka, maana wako wenye kuchonga mawe ya uongo ili wauze.

Hatari hiyo imezidi katika siku zetu. Vita vilivyopamba moto Yemen mwaka 2015 viliharibu mabaki mengi ya kale. Mwaka huo sehemu ya boma la kale la Marib ilipigwa kwa mabomu ya ndege, na jumba la makumbusho la Dhamar, lililokuwa na maelfu ya vitu vya zamani, likabomolewa. Wezi nao wamechimba magofu na kuuza vitu nchi za nje. Mwaka 2023 shirika la UNESCO liliandika mabaki ya Saba huko Marib katika orodha ya urithi wa dunia, na wakati huo huo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Mafundisho ya Marib yafaa hata kwetu. Huko Gedi, karibu na Malindi, liko kaburi lenye mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399, na mwaka huo mmoja, ulioachwa mahali pake, umewasaidia wachimbuzi kupima umri wa vitu vingine vya mji huo. Kama jiwe lile lingalichukuliwa likawa kizingiti cha nyumba ya mtu, lisingalikuwa na faida hiyo. Kwa hiyo mkulima au mwashi akikuta jiwe lenye maandishi asilibandue, wala asilisugue kwa chuma. Na aliache lilivyo, aweke alama mahali hapo, kisha awapashe habari wakuu wa Makumbusho ya Taifa. Hata likiwa na herufi nne tu, huenda ndizo zinazotafutwa kwa kuunganisha habari iliyokatika.